Kituo Ambacho Baba Hakukiandika

Nilitoka nyumbani kwa sababu nilichoka kudanganya watoto wa watu. Huu ni mwaka wa kumi na moja nafundisha shule ya msingi hapa Isiolo, na kila mwaka huchora ubaoni ile barabara kuu ya kaskazini, ambayo wazungu wa zamani waliota kwamba ingeunganisha bara zima kutoka ncha ya kusini hadi Misri. Naweka nukta ya Archers, nukta ya Laisamis, nukta ya Marsabit, nukta ya Moyale, halafu nakung'uta chaki mikononi kama mtu aliyefika huko kote. Muhula uliopita mtoto mmoja akaniuliza kama Laisamis kuna miti. Nikamwambia ipo, tena mingi. Ukweli ni kwamba sikuwa nimevuka Archers maishani mwangu.

Aibu hiyo ilizidi kwa sababu mimi ni binti wa Galgalo, aliyeendesha lori la ng'ombe kwenye barabara hiyo hiyo miaka thelathini, enzi za mawe na vumbi, kabla lami haijafika. Tumelelewa kwa hadithi zake. Nilipokuwa mdogo, simba wa Serolipi alikuwa mmoja. Nilipoingia sekondari walikuwa wawili. Nilipopata kazi walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa amejua kufungua mlango wa lori.

Basi nikawaambia yeye na Mama kwamba likizo ya Agosti nitawabeba kwa gari langu hadi Marsabit, tusimame kila mahali penye kitu cha kutazama, na mpango wote ataupanga Baba. Alilipokea jambo hilo kama mtu aliyeitwa tena kazini. Alinunua daftari, akavaa miwani, akakaa nalo siku tatu. Jioni ya tatu, baada ya swala ya magharibi, akatukalisha atusomee.

"Siku ya kwanza," akaanza. "Isiolo mpaka Archers. Kulala."

"Baba, Archers siku hizi ni nusu saa."

"Kulala," akarudia. "Siku ya pili, Archers mpaka Serolipi. Kungoja wengine. Kulala."

Mpango wake ulikuwa wa siku sita, kwenda tu. Nikamwonyesha kwenye simu kwamba safari nzima ni saa nne. Aliitazama simu yangu kwa huruma. "Hiyo simu imewahi kwenda?" akauliza. Tulivutana kama watu wanaobishana bei ya fahali, mwisho akakubali siku mbili: kwenda leo, kulala Marsabit kwa mjomba wangu, ndugu yake Mama, na kurudi kesho.

Mama alikuwa mkekani akichambua mchele. Mama yangu Habiba si msemaji, lakini akiuliza swali ujue jibu tayari analo.

"Soma tena mahali tutasimama," akasema.

Baba akasoma: Ngaremara, Archers, mlima Ololokwe, Serolipi, Merille, Laisamis, Marsabit.

"Na Logologo?"

"Logologo hakuna kitu. Ni upepo tu."

"Talaso," Mama akaniambia, "andika Logologo."

Nikaandika, katikati ya Laisamis na Marsabit. Baba akavua miwani akaanza kuipangusa, na wala haikuwa na vumbi.

Hapa lazima niwaeleze kilichokuwa juu ya kabati la Mama. Ni chombo cha maziwa, kile cha kusukwa kwa nyuzi za mizizi, kilichobana hata maji hayapenyi, chenye kifuniko chake na ukanda wa ngozi uliopambwa kwa simbi. Baba alirudi nacho kutoka safarini miaka thelathini na mbili iliyopita. Miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa amerudi bila leso nyekundu ya Mama, ambayo Mama alimpa ajifunikie baridi ya Marsabit. Alipoulizwa, alisema leso imepotea. Na chombo? Kapewa na mama mmoja wa Logologo. Kwa nini? "Amenipa tu."

Sasa, kwetu chombo kama hicho mwanamke hukisukia nyumba yake, au binti yake anayeolewa. Hakuna anayeumiza vidole miezi mizima kwa ajili ya dereva wa lori anayepita. Mama alipiga hesabu yake kimyakimya na akapata jibu moja tu: Galgalo ana nyumba Logologo. Dini ilimruhusu kuoa. Kilichomuuma Mama ni kufichwa. Hakuuliza tena, na chombo kile hakukitia maziwa hata siku moja. Baba naye hakukana. Kijiweni madereva wenzake walimwita Baba Logologo, na badala ya kukasirika alikuwa akikohoa tu kwa heshima. Nadhani sifa ile haikumkera sana.

Asubuhi ya kuondoka niliinua mkoba wa Mama niutie ndani ya gari, nusura niangukie mlangoni. Nikafungua zipu kidogo. Nguo zake zote zilikuwamo, hadi za Idi.

"Mama, ni siku mbili tu."

"Nikipata ni ukweli," akasema polepole, macho yake mlangoni asisikiwe, "mimi nabaki Marsabit kwa ndugu yangu. Wewe utarudi na baba yako."

Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwa shuka. Sikuhitaji kukifungua kujua ni nini.

"Namrudishia mwenyewe," akasema. "Tupu."

 Kwa watu wetu, chombo cha maziwa hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maziwa, chombo chake unakirudisha na kitu ndani: sukari, majani chai, hata kama ni ndimu mbili. Kukirudisha hivi hivi ni kumwambia mwenyewe kwamba kati yenu kumekwisha, na asije tena. Nami ndiye niliyebuni safari ya kutazama milima.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tayari, isipokuwa Baba alikuwa bado anapakia. Alitia mitungi miwili ya maji, sepetu, kamba, mbao mbili za kutolea gari matopeni, kopo zima la nyirinyiri (nyama iliyokaangwa ikakauka), unga, majani chai na sukari kilo nne. Nikamkumbusha kuwa njiani kuna maduka. Akanijibu kwamba mvua haiulizi duka. Ulikuwa mwezi wa Agosti na Isiolo ilikuwa imekauka hadi mbuzi wanakula katoni.

Kwenye kizuizi cha polisi mwisho wa mji, askari alitupungia mkono tupite. Baba akanigusa bega. "Weka kando. Zima." Nikadhani anaumwa. Tukakaa. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini, malori na mabasi yanatupita yakielekea kaskazini, Baba ametulia, mikono juu ya magoti. Mwishowe askari akaja dirishani, kijana mpole.

"Salaam aleikum, mzee. Kuna shida?"

"Aleikum salaam. Hakuna. Tunangoja konvoi."

"Konvoi ya nini?"

"Ya kwenda juu. Magari ikifika kumi na askari wakipanda, tunatoka."

Yule kijana hakucheka, na nitamshukuru daima. Aliegemea mlango akasema, "Mzee, hiyo iliisha zamani. Siku hizi konvoi ni nyinyi watatu."

Zamani, wasomaji wadogo hawajui, hakuna gari lililotoka hapo peke yake. Majambazi walikuwa wengi na magari yalikusanywa yakasindikizwa kwa bunduki. Baba alikuwa amepita kizuizi hicho mamia ya mara, na mwili wake haukujua njia nyingine ya kuanza safari. Nilipowasha gari, Mama akasema kutoka kiti cha nyuma, "Miaka yote nilikuwa nasema ni barabara inamchelewesha."

Ngaremara tulifika kabla Baba hajamaliza kununa. Gari langu ni la otomatiki, lakini kila tulipopanda mwinuko mguu wake wa kushoto ulikanyaga sakafu ukitafuta klachi. Tukasimama kununua mafagio kwa mama mmoja wa Kiturkana aliyepanga bidhaa zake kando ya lami.

"Habari zenu. Mnaenda wapi na mbao?" akauliza, akichungulia nyuma ya gari.

"Marsabit," nikasema.

"Kujenga?"

"Kutembea."

Aliwaita wenzake wawili waje waone watu wanaotembea na mbao. Baba alikataa kushuka.

Saa mbili na nusu tulikuwa kwenye daraja la Archers, mto Ewaso Nyiro ukipita chini yetu na rangi yake ya chai ya maziwa. Baba akasema zamani ukivuka hapa ulikuwa unaaga Kenya, na watu wa juu wakikuona walikuuliza, "Kenya hawajambo?" Hiyo ndiyo hadithi yake pekee ambayo haijaongezeka tangu nizaliwe, kwa hiyo naamini ni ya kweli.

Kisha ikaja Ololokwe, na hapo utani uliniishia. Mlima ule unasimama peke yake uwandani, kichwa chake kimekatwa bapa, ubavu wake mwamba mtupu wenye michirizi myeusi kama maji yaliyokauka ukutani. Nilisimamisha gari.  Mama alishuka, akaziba jua kwa mkono.

"Galgalo, uliniambia ni kilima tu."

"Sikuwahi kuiona yote," Baba akasema. Alikuwa ameshuka pia, shingo ameirudisha nyuma. "Nilikuwa naangalia mawe. Ukiangalia juu, tairi inaenda."

Nikamwonea huruma ghafla. Miaka thelathini amepita hapa, na mlima huu alikuwa anauona siku moja nasi.

Saa nne kasoro, Serolipi. Mama akamwomba amwonyeshe walikokuwa simba wanne. Baba akatafuta, akazunguka, akaonyesha kidole kwenye duka la vyakula lililopakwa rangi ya kijani.

"Ni hapo kabisa."

"Walifungua duka?" Mama akauliza. Nilicheka hadi nikakosa pumzi. Lakini nilipomtazama Mama kwenye kioo, alikuwa amerudisha mkono wake juu ya kile kifurushi cha shuka.

Merille, Baba alitaka tusimame katikati ya daraja, nikamshawishi tusimame pembeni. Chini palikuwa na mchanga mweupe mkavu, mpana kuliko uwanja wa mpira. Hapa, akasema, kabla ya daraja, mto ulijaa akiwa anarudi Isiolo, akazuiliwa siku tatu yeye na ng'ombe ishirini, chakula kimekwisha siku ya kwanza. Alieleza maji yalivyobeba miti mizima, na hakuongeza hata mti mmoja, kwa hiyo nilijua hii si ya simba.

"Siku tatu," Mama akasema. "Sasa mlikula nini?"

Baba akainama kufunga kiatu. "Mungu alitupa riziki."

Viatu vyake ni vile vya kuvuta tu. Havina kamba.

Saa tano, Laisamis. Nilihesabu miti. Ipo, lakini si mingi, na yule mtoto nitamwambia. Baba alikagua matairi, tukaenda hatua chache, akaomba asimame akague tena. Akasema upepo wa mbele ni mbaya na labda tupite Logologo bila kusimama, tuwahi swala ya adhuhuri Marsabit.  Mama alikuwa amefungua shuka na chombo kilikuwa mapajani mwake, wazi, simbi zake zikimeta.

Saa tano na nusu, Logologo. Baba hakusema uongo kuhusu upepo. Unavuma kutoka uwandani bila breki, unabeba mchanga na mifuko, na nyumba zimeupa mgongo. Mama aliona kibanda cha chai kando ya lami, kimeandikwa kwa rangi nyekundu "Hoteli ya Lori", akasema hapo. Nikaegesha. Mama akashuka na chombo chake mkononi, akaingia ameinua kichwa, na mimi nyuma yake. Baba akabaki nje na matairi.

Ndani palikuwa na mwanamke wa umri wa karibu nami, akikaanga chapati. Mama akamsalimu, akaweka chombo juu ya meza.

"Natafuta mama alisuka hii."

Yule mwanamke aliacha chapati iungue. Alikishika chombo, akakizungusha, akapitisha kidole kwenye mshono wa chini. "Hii ni mkono ya mama yangu," akasema. Akatokea mlango wa nyuma akaita.

Akaingia mama mzee, mrefu, shanga tele shingoni, anachechemea kidogo. Anaitwa Mama Arbe. Hakunitazama mimi, wala hakutupa jicho nje kumtafuta Baba. Alimtazama Mama, kisha chombo, kisha Mama tena.

"Umekuja," akasema. "Wewe ndio mwenye leso."

Mama alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, nadhani amejiandaa tangu nikiwa mtoto. Hilo halikuwamo. "Leso gani?" akauliza.

"Nyekundu. Ile walifunika huyu." Akamwonyesha yule mwanamke wa chapati. "Nilikuwa natembea kuja barabara, nitafute gari ya hospitali ya Marsabit. Lori ikasimama. Kabla nipande, mtoto akakuja. Hapo chini ya lori, kwa kivuli. Bwana yako akatoa leso akageuka huko, akatupa kwa nyuma bila kuangalia. Akasema ni ya bibi yake."

"Ndio maana wananiita Lori," binti akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea.

Mama alikalia benchi. Mama Arbe naye akaketi, akakivuta chombo, akafungua kifuniko na kuingiza pua ndani. Akanusa kwa muda mrefu. Sura yake ikabadilika.

"Hii haijawahi kukaa na maziwa."

"Sijawahi kuweka," Mama akasema.

"Na yenye nilituma?"

"Ilifika tupu."

"Tupu? Nilijaza mpaka hapa! Maziwa ya ngamia. Nikamwambia, hii ni ya mwenye leso, akunywe, halafu chombo irudi. Nikangoja. Lori inapita, chombo hairudi. Huyo bwana naye akaacha kusimama, anapiga honi tu anapita mbio. Nikasema, basi, hiyo bibi ya Isiolo ni ya maringo."

Wale wanawake wawili walitazamana. Halafu, kwa pamoja, wakageuka wakatazama nje, ambako Baba alikuwa amechuchumaa akipima upepo wa tairi kwa kidole.

"Galgalo!" Mama Arbe akaita. "Kuja hapa."

Akaja, kofia mkononi.

"Ile maziwa ya bibi yako, ulipeleka wapi?"

Baba akatazama dari. "Merille ilikuwa imejaa."

"Sijauliza Merille."

"Ilijaa siku tatu. Chakula iliisha. Siku ya pili nikasema nionje kidogo tu, nijue kama imeharibika."

"Ilikuwa imeharibika?" Mama akauliza.

"Hapana," Baba akasema kwa uchungu. "Ilikuwa tamu sana."

"Na siku ya tatu?"

"Siku ya tatu nilikuwa nahakikisha."

Binti aliyezaliwa chini ya lori alikimbilia jikoni, na tukamsikia huko akicheka ndani ya kitambaa. Mimi nilijiuma mdomo. Nilielewa yote kwa mara moja: kwa nini Logologo haikuandikwa, na kwa nini jina la kijiweni halikumkera. Mwanamume akisemwa ana mke wa pili, kichwa chake hakiinami. Akijulikana amekunywa njiani maziwa aliyotumiwa mkewe, atazikwa na jina hilo. Baba alichagua aibu iliyo na heshima.

Lakini Mama hakucheka.

"Miaka thelathini na mbili," akasema. "Ukichelewa, nilikuwa nasema uko kwao. Mvua ikinyesha, nasema wao wana bati ama hawana. Nilikuwa nahesabu watoto wako wa hapa, Galgalo. Nilikuwa nimewapa mpaka majina. Boru. Halafu Dima. Halafu kasichana."

Jikoni kicheko kilikoma.  Sijawahi kumwona baba yangu akilia, na hata siku hiyo hakulia vizuri. Machozi yalimtoka huku akitafuta miwani ambayo ilikuwa usoni.

"Hilo jina la kijiweni nilikuwa naona ni mchezo tu," akasema. "Nilidhani unajua. Nisamehe, Habiba. Wallahi sikuwa na mtu. Nilikuwa na njaa."

 Upepo uligonga bati. Nilikuwa nafikiria ule mkoba ndani ya gari, na nguo za Idi.

Mama Arbe ndiye aliyesema kwanza, na hakusema kwa upole. Alikigeuza chombo mdomo chini, akakigonga kwa kiganja. Halikutoka hata vumbi.

"Yeye alikosea kwenda," akasema. "Na kurudi? Miaka yote, leo imerudi, na imerudi hivi?"

Nikaona uso wa Mama ukishuka. Alikuwa amekuja kumtukana mwanamke huyu kwa namna mbaya kuliko zote tunazozijua, na alikuwa amefanikiwa. 

"Sikujua kama ni wewe," akasema. Kisha akageuka. "Galgalo. Sukari."

Sijawahi kumwona mtu wa miaka sabini na mbili akikimbia hivyo. Alirudi na kilo zote nne kifuani, na majani chai, na kopo la nyirinyiri, na kwa sababu ya haraka, na sepetu. Mama alimimina sukari ndani ya chombo kwa mikono yake miwili hadi kifuniko kikakataa kufunga, na Mama Arbe akawa anakisukumia chini kwa kiganja, na mahali fulani katika kusukumana huko wakaanza kucheka, wakashikana mabega, wakacheka hadi shanga zikagongana. Baba akasimama kando ameshika sepetu.

Tuliagana kwa ahadi kwamba chombo kitabaki kwake usiku mmoja.

Saa tisa tulipanda mlima wa Marsabit. Ukungu ulikuwa umelala barabarani na miti ilikuwa mingi kuliko ile ya Laisamis niliyowaahidi watoto. Mjomba alitupokea kwa chai na maswali. Alipotaka kuingiza mkoba wa Mama ndani, Mama alimwambia auache garini, hakuna kitu cha maana humo. Usiku alijifunika shuka ileile iliyofungia chombo. Baba alitandikiwa sebuleni, na hakubisha.

Asubuhi ya pili, saa nne, tulikuwa tena Logologo. Chombo kilikuwa kimefukizwa moshi hadi kikawa kinanukia mlangoni, kimejaa maziwa ya ngamia ya alfajiri ile. Mama Arbe alimpa Mama mkononi, akapita karibu na Baba kana kwamba Baba ni nguzo ya umeme. Kisha akaleta kitu kingine, kitambaa kilichofifia, chekundu kikiwa kinaelekea kuwa cha waridi, kingo zimechanika. Mama alikigusa tu, akakirudisha. "Hiyo ni ya Lori," akasema.

Barabara ya kurudi ilikuwa fupi kuliko ya kwenda. Baba alikuwa mbele na mguu wake wa klachi. Mama alikuwa nyuma, chombo mapajani, mikono miwili juu ya kifuniko. Merille Baba akaomba tusimame.

"Kwa nini?" Mama akauliza.

"Kukumbuka tu."

"Talaso, endesha."

Saa nane mchana tulivuka kizuizi cha Isiolo. Yule askari kijana alikuwepo, akauliza konvoi imerudi salama. Nikamwambia wote watatu wamo.

Mtaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza idadi ya miti ya Laisamis. Nimejifunza kuwa lami inafupisha safari, na inafupisha uongo pia: wa Baba uliochukua miaka thelathini na mbili tuliumaliza kwa asubuhi moja. Na nimejifunza kwamba ukipangiwa safari na mtu aliyeijua njia, soma vizuri alichoandika, kisha muulize alichoacha. Mengine bado najifunza. Chombo sasa hupanda basi kwenda Logologo na kurudi, na kila mara hubeba kitu.

Lakini siku ile ya kurudi Mama aliita majirani wawili, akatandika mkeka, akapanga vikombe. Akamimina cha jirani wa kwanza, cha wa pili, na changu. Maziwa yalikuwa na moshi na utamu, na nikafumba macho. Baba akasogeza kikombe chake mbele, taratibu.

Mama akafunika chombo.

"Wewe yako ulikunywa," akasema.

Majirani hawakuelewa. Baba alielewa. Akakirudisha kikombe magotini, akakaa nacho, na wala hakukiweka chini. Tulikunywa. Tulizungumza juu ya Ololokwe na ukungu wa Marsabit. Muda ulipita mrefu, labda wa siku tatu za Merille kwa hesabu ya Baba. Kisha Mama, bila kumtazama, akafungua kifuniko, akamimina mpaka ukingoni, akamsukumia.

"Onja," akasema. "Utuambie kama imeharibika."